Celica ya 1995 mkononi kwa mtu Area D, milioni 9 na nusu: inachemsha kwenye foleni tu. Ninunue au nikimbie?

#1 Mkazi wa Ilazo (mleta uzi)
Wakuu habari zenu. Nipo Dodoma kikazi, ofisi Mtumba, nimepanga Ilazo. Tangu niko shule ya msingi natamani gari ya spoti ya milango miwili, ile ya kizamani. Nimejibana nimefikisha milioni 12, na humo humo yatoke matengenezo ya kuanzia na gharama za kubadili umiliki.

Nimepata Toyota Celica ST202 ya 1995, gia ya mkono, namba A (usajili wa zamani). Mwenye nayo anataka 9.5M, maongezi yapo. Bodi imenyooka, viti vizima, dashibodi imepasuka juu kwa jua. Anasema ni SS-II yenye injini ya 3S-GE. Nimeiendesha hadi Kisasa na kurudi, inavuta vizuri sana.

Shida moja, na kaisema mwenyewe bila kuulizwa: ikikaa kwenye foleni saa za jua kali, au ikipanda mlima taratibu, mshale wa joto unapanda. Ikishika barabara ikakimbia, unashuka. Anasema "ni feni tu hiyo, elfu themanini unamaliza".

Kutunza gari siogopi. Ninachoogopa ni kununua ugonjwa. Je, kweli ni feni tu? Na kwa hela hii kuna kitu bora zaidi?

#2 Mpita Njia
Nimeweka kambi hapa. Wajuzi waje.

#3 Spana Kumi na Nne
Mkuu, mimi ni fundi, nipo Kizota. Dalili ulizoandika zinaelekea kwenye hewa. Gari ikikimbia upepo wa barabarani unapoza rejeta, ikisimama kazi yote ni ya feni. Kipimo rahisi: washa injini, washa kiyoyozi, angalia feni. Celica hiyo ina feni mbili za umeme, ya rejeta na ya kondensa (rejeta ndogo ya kiyoyozi). Halafu chomoa waya wa swichi ya joto ya feni. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo ukichomoa waya huo wakati swichi ya gari iko oni, feni lazima izunguke. Isipozunguka, anza na fyuzi, relei, mota. Ikizunguka, shida ni swichi yenyewe. Muuzaji anaweza kuwa mkweli kabisa.

#4 Mzee wa Mtera
Naheshimu fundi wa #3 lakini amekimbilia feni haraka. Mleta uzi, gari hiyo imekaa Dodoma muda gani? Maji ya visima ya mji huu yana chumvi, angalia sufuria yako ya kuchemshia chai. Sasa watu wanajaza maji hayo hayo kwenye rejeta mwaka hadi mwaka, kulanti (dawa ya maji ya rejeta) hawaijui. Chumvi inaganda kwenye vijia vya rejeta mpaka nusu yake hazipitishi kitu. Rejeta ya namna hiyo ukikimbia inatosheleza, ukipunguza mwendo inashindwa, hata feni izunguke vipi. Nimeona gari zimebadilishwa feni mpya na bado zinachemsha vile vile.

Pima hivi: gari ikiwa ya moto na imezimwa, pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta bila kuigusa. Mahali penye ubaridi maji hayapiti. Na ukumbuke injini ikiwa na swichi oni feni inaweza kuwaka ghafla, kwa hiyo zima kwanza.

#5 Binti Kondoa
Kabla ya feni na rejeta, mleta uzi umethibitisha kuwa ni 3S-GE? ST202 ilitoka na injini mbili: SS-I ilikuwa na 3S-FE, SS-II ndiyo 3S-GE. Namba ya chesisi peke yake haitakuambia, zote ni ST202. Wauzaji wengi wanabandika maandishi ya SS-II nyuma, stika inauzwa bei ya soda.

Toa kifuniko cha juu cha mkanda wa taimingi. 3S-GE ina puli mbili kubwa juu, kila kemshafti (shafti ya kufungua valvu) na yake, mkanda unazizungusha zote. 3S-FE ina puli moja tu, kemshafti ya pili inazungushwa na gia kwa ndani. Ukiona moja, punguza bei hapo hapo.

#6 Mkazi wa Ilazo
Asante dada #5, hilo nilikuwa silijui kabisa. Mzee #4 shikamoo, anasema iko hapa Dodoma tangu 2016. Maji anayojaza sijamuuliza.

#7 Mzee wa Mtera
Marahaba. 2016 mpaka leo, na bila shaka ni maji hayo hayo ya visima! Basi mimi nimeshasema.

#8 Bandari Kavu
Mimi ningekushauri uagize Japani kuliko kununua mkononi. Unapata gari yenye karatasi ya mnada, unajua historia yake. Milioni 12 unapata Mazda Roadster au Toyota MR2, zote spoti za milango miwili.

#9 Hesabu Kwanza
Mkuu #8 piga hesabu kabla ya kumshauri mtu. Chukua mfano gari thamani yake ikifika bandarini ni milioni 6. Ushuru wa forodha 25%, hiyo ni milioni 1.5, tunafika 7.5. Juu ya hapo ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, na kwa sababu gari imezidi miaka kumi unaongezewa uchakavu 30%. Halafu VAT 18% ya jumla yote. Milioni 6 inazaa karibu milioni 6 nyingine, bado tozo ya reli, bandari, wakala na namba. Na TRA hawaangalii ankara yako, wana thamani yao kwenye mfumo. Ukinunua kwa bei ya kutupa Japani, wao wanakupigia kwa thamani yao.

Halafu MR2 na Roadster bei zake zimepaa huko huko Japani. Wamarekani wanaruhusiwa kuingiza gari yoyote ikishatimiza miaka 25, kwa hiyo kila spoti ya miaka ya tisini wanaifuata wao. Tunashindana na watu wenye dola.

#10 Bandari Kavu
Kwa injini ya 2000 unalipa 10% ya ushuru wa bidhaa, kwa hiyo hata hesabu yako ni ndogo kuliko hali halisi.

#11 Hesabu Kwanza
Hapana. 10% inaanza juu ya cc 2000. Injini za 3S ni cc 1998, zinaingia kwenye 5%. Ndiyo maana nimepata karibu milioni 6, weka kwenye kikokotoo uone.

#12 Kijana wa Nkuhungu
Mkuu chukua Toyota Altezza. RS200 ya gia ya mkono ina 3S-GE ya mwisho kabisa, farasi 210, inasukuma tairi za nyuma. Celica ya 202 inavutwa na tairi za mbele kama Ipsum, hapo spoti iko wapi? Altezza zimejaa, spea zimejaa, mafundi wanazijua.

#13 Zabibu Nyekundu
Altezza ina milango minne kaka, huyo kasema milango miwili. Wewe kila uzi Altezza, hata ule uzi wa mtu aliyeuliza pikipiki ulimjibu Altezza 😂

#14 Kijana wa Nkuhungu
Na nilikuwa sahihi 😂. Kwa umakini sasa: nyingi mtaani ni AS200 yenye 1G-FE, silinda sita, farasi 160. Ile ni tamu lakini siyo yenyewe. RS200 ya gia ya mkono iliyo nzima kwa 12M utaitafuta mpaka uchoke. Kama Celica ni nzima kweli, sikukatazi.

#15 Kumbukumbu za Safari
Nyie mnaidharau Celica? Hiyo ndiyo gari iliyoitawala Safari Rally. Ilianza kushinda 1982 na haikusimama mpaka 1995.

#16 Binti Kondoa
Mapenzi yako nayapokea, miaka nairekebisha. 1982 alishinda Shekhar Mehta na Datsun Violet, ushindi wake wa nne mfululizo. Celica ilianza 1984 na Björn Waldegård, 1985 Juha Kankkunen, 1986 Waldegård tena, zote zile za turbo zinazosukuma nyuma. Ikaja Celica GT-Four: 1990 Waldegård, 1992 Carlos Sainz, 1993 Kankkunen na Celica zikachukua nafasi nne za kwanza, 1994 Ian Duncan wa Kenya, 1995 Yoshio Fujimoto. Katikati, mwaka 1991, alishinda Kankkunen huyo huyo akiwa na Lancia. Na zile za miaka ya tisini zilikuwa za magurudumu manne na turbo. Ya mleta uzi ni ndugu yao kwa sura.

#17 Kumbukumbu za Safari
Dada umetisha. Mimi marehemu baba alikuwa anatusimulia mbio zilivyokuwa zinaingia Tanganyika na Uganda, enzi inaitwa East African Safari. Datsun 240Z yenyewe ilishinda 1971 na 1973. Nikipata 240Z hata bila injini naiweka sebuleni.

#18 Mwalimu wa Fizikia UDOM
Nirudi kwenye joto. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huu maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni mgandamizo, na mgandamizo unashikwa na mfuniko. Mfuniko mzima unapandisha kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 20. Raba yake ikichoka au springi ikilegea, faida yote inapotea. Gari ile ile ikiwa Dar ingevumilia kidogo, hapa inamwaga maji. Anza na mfuniko, ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa humu.

#19 Spana Kumi na Nne
Mwalimu, mfuniko mbovu unafanya maji yamwagike. Mleta uzi hajasema maji yanamwagika, kasema mshale unapanda. Mleta uzi tujibu hilo.

#20 Mkazi wa Ilazo
Mimi sikuona maji kumwagika, lakini sikukaa kwenye foleni. Muuzaji anasema "anaongezea kidogo" kila baada ya siku kadhaa.

#21 Mama Wawili Kisasa
Hapo kwenye "anaongezea kidogo" ndipo pananitisha. Maji yanakwenda wapi kama hayamwagiki chini? Gari ya mume wangu ilianza hivi hivi. Gereji moja hapa mjini wakabadilisha rejeta, wakabadilisha pampu ya maji, hela yetu ikaenda, mwisho ikawa hedi gasketi (ile inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi, kichwa chake) na hedi yenyewe imepinda. Tulilipa mara tatu kwa ugonjwa mmoja.

Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, washa gari, angalia maji. Mapovu yanayotoka mfululizo bila kukoma ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Fungua na mfuniko wa oili uangalie kwa chini: ukikuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, ondoka hapo na usiage.

#22 Nne kwa Nne
Naunga mkono. Na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukikuta boneti ina moto, panga siku nyingine.

#23 Fundi wa Kale
Wote mnazunguka. Muulizeni kama thamostati ipo, ile valvu inayofungulia maji kwenda rejeta injini ikipata moto. Mafundi wetu gari ikichemsha tu wanatoa thamostati wanatupa, wanasema ni ya nchi za baridi.

#24 Spana Kumi na Nne
Na hawajakosea sana. Joto la huku thamostati ya nini? Maji yazunguke muda wote, injini inapoa. Nimetoa nyingi na wateja hawajarudi kulalamika.

#25 Fundi wa Kale
Wamekwenda kulalamika kwa mwingine, kijana wangu. Thamostati ya hizi injini ina sahani ya pili kwa chini. Injini ikipata moto, sahani ya juu inafungua njia ya rejeta na ile ya chini inaziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi saa zote. Sehemu ya maji ya moto haiendi kupoa, inazunguka tu ndani. Mwendo mkubwa hutaona. Foleni na mlima utaona. Soma tena #1 uone kama siyo hicho alichoandika.

#26 Spana Kumi na Nne
Sasa mbona gari ninazotoa hazichemshi?

#27 Fundi wa Kale
Kwa sababu rejeta zake ni nzima, zinabeba mzigo wa ziada. Weka na chumvi ya Mzee wa Mtera uone.

#28 Mzee wa Mtera
Ahsante mwenzangu.

#29 Mwalimu wa Fizikia UDOM
Na ikikosa thamostati, safari ndefu za usiku injini haifiki joto lake la kazi. Nyingi za Toyota za wakati ule zinafunguka nyuzi 82. Injini ikiwa baridi inakula mafuta zaidi na oili inachafuka mapema. Hasara iko pande zote mbili.

#30 Zabibu Nyekundu
Jamani na matuta je? Gari ile iko chini. Mitaa ya huku kila baada ya nyumba tano tuta, na ukitoka lami ni vumbi. Chujio la hewa atabadilisha mara ngapi?

#31 Nne kwa Nne
Tuta linapandwa kwa ubavu, taratibu. Ya vumbi ni kweli, ila ukavu wa Dodoma una faida yake. Gari zilizokaa Tanga au Dar zinaliwa na kutu kwenye matao ya nyuma na chini ya milango, za huku zinabaki kavu. Zinazoumia ni raba na plastiki: mihuri ya milango, hozi, bushi, dashibodi. Mleta uzi beba sumaku ndogo, funga na kitambaa isikwangue rangi, pitisha kwenye matao. Pasiposhika pamepigwa pati.

#32 Mkazi wa Ilazo
Wakuu, mrejesho. Jumamosi nilikwenda na Spana Kumi na Nne, amenisaidia sana na hajataka hata nauli. Tumekuta haya.

Puli ni moja. Ni 3S-FE. Muuzaji anasema na yeye aliuziwa hivyo hivyo.

Feni ya rejeta imeungwa daireki, ukifungua swichi inazunguka muda wote, ile swichi ya joto imekatwa waya. Thamostati haipo, nyumba yake tupu. Maji ya rejeta yana rangi ya kutu. Injini ilikuwa baridi, tulipowasha mapovu yalitoka machache mwanzoni halafu yakaacha. Oili safi. Sumaku inashika kote isipokuwa tao la nyuma kushoto.

Tuliipandisha mpaka UDOM saa nane mchana. Mshale ulipanda kuzidi nusu kidogo, ukakaa hapo.

Ameshuka mpaka 8.2M.

#33 Fundi wa Kale
Thamostati haipo. Nimemaliza.

#34 Mzee wa Mtera
Maji ya kutu. Na mimi nimemaliza.

#35 Spana Kumi na Nne
Nilikuwepo na bado nasema feni. Kuzunguka inazunguka, lakini polepole, mota imechoka kwa sababu imekuwa ikifanya kazi saa zote. Niliisogelea, upepo wake ni mdogo. Rejeta niliipitishia kiganja, ubaridi upo pembeni kulia peke yake.

#36 Mama Wawili Kisasa
Mapovu machache ni machache yapi? Mapovu ya hewa iliyobaki yanatoka na kuisha. Ya gasketi yanarudi ukikanyaga mafuta. Mlikanyaga?

#37 Mkazi wa Ilazo
Hatukukanyaga dada. Nitaomba turudi.

#38 Kijana wa Nkuhungu
3S-FE kwa 8.2M? Farasi kama 140 tu. Umeuziwa sura. Achana nayo.

#39 Binti Kondoa
Mimi naona kinyume. Kama anataka kuiendesha kila siku Ilazo hadi Mtumba, 3S-FE ndiyo ya kumfaa. Injini hiyo imefungwa kwenye RAV4 za kwanza, Ipsum, Nadia, Caldina. Spea utazipata hata Kibaigwa. Mkanda wa taimingi ukikatika kwenye 3S-FE gari inazima, unavutwa, unafunga mwingine. Kwenye 3S-GE valvu zinaweza kugonga pistoni na hapo hesabu inabadilika. Ila alipie bei ya 3S-FE. Mimi nisingezidi 7M.

#40 Hesabu Kwanza
Na karatasi? Kadi ina jina la nani? Kwa gari ya namba A iliyopita mikono mingi, jina la kwenye kadi mara nyingi si la anayekuuzia. Aliyeandikwa TRA ndiye asaini mkataba mbele ya wakili, TIN zenu wote wawili ziwepo. Angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, na bima uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Faini za mwenye gari wa zamani zinakusubiri wewe barabarani.

#41 Mkazi wa Ilazo
Kadi ina jina la mtu wa Singida, muuzaji anasema ni shemeji yake na anapatikana. Faini zipo mbili.

#42 Nne kwa Nne
Shemeji aje na kitambulisho ndipo hela itoke. Faini alipe yeye kabla ya mkataba, siyo "tutakatana".

#43 Mwalimu wa Fizikia UDOM
Tunabishana wakati kipimo kipo. Apime kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) silinda zote nne injini ikiwa ya moto. Tofauti kati ya silinda na silinda ikizidi psi 14 hivi, au mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya Mama Wawili inarudi mezani. Zikiwa sawa, afunge thamostati mpya na mfuniko mpya, ajaze kulanti na maji yaliyosafishwa, aiendeshe wiki nzima ndipo aguse rejeta.

#44 Fundi wa Kale
Muuzaji gani atakubali kufungiwa thamostati gari haijauzwa?

#45 Mwalimu wa Fizikia UDOM
Anayetaka kuuza. Thamostati anunue mleta uzi, dili likivunjika amwachie.

#46 Mzee wa Mtera
Akifunga thamostati bila kuosha rejeta itachemsha zaidi, mtakuja kunikumbuka hapa.

#47 Kumbukumbu za Safari
Mleta uzi, rangi yake ni ipi? Kama ni nyekundu na nyeupe, mimi nakuja kuiangalia hata kama hununui.

#48 Mkazi wa Ilazo
Ni nyeusi mkuu. Nimeongea naye, amekubali kompresheni na amekubali kufungwa thamostati, rejeta amekataa isifunguliwe kuoshwa. Shemeji anakuja Alhamisi kutoka Singida. Spana, Alhamisi jioni upo?

#49 Spana Kumi na Nne
Nipo. Nakuja na geji. Na feni ya Ipsum nimeipata kwa jirani, nitaibeba tuijaribu.

#50 Mzee wa Mtera
Kama rejeta amekataa isifunguliwe, jiulize kwa nini.

#51 Zabibu Nyekundu
Inaweza kuwa anaogopa tu plastiki za juu zitapasuka, za miaka 30 zinavunjika kwa kushikwa. Alhamisi tupe mrejesho mapema, watu hatujalala.